Beleshi Namba Kumi na Saba

Mgeni siku mbili. Ya tatu nilipewa beleshi,
la plastiki, la buluu, namba kumi na saba
kwa wino uliochujuka,
na basi la chuo likatushusha Kamisawa
ambako theluji ilikuwa imefika madirishani
kama jirani asiyebisha hodi.

Nilikuja Akita kusoma maji:
mito, mabonde, hesabu za mafuriko.
Kwetu Ubon maji huja kwa miguu yake,
hubeba kuku, hubeba godoro, hayo yakaenda.
Ya huku yalikuwa yamekaa kimya juu ya paa,
meupe, mazito,
yakisubiri nyumba ichoke.

"Usipigane nayo," alisema Aibek,
mzaliwa wa milima ya Naryn, anayeiita baridi kwa jina la utani.
"Ikate kama keki. Chukua kidogo. Tupa. Pumua."
Mimi nikachota kwa pupa, nikainua mlima,
nikaanguka nao chali,
na Matilde wa Ureno akapiga picha
kabla ya kuninyanyua.

Picha ile ilisifiwa sana kwao.
Mama yangu aliiona pia. Akauliza jambo moja:
mbona glavu zako hazifanani?

Mwenye nyumba aliitwa Bi Sugawara.
Alisimama mlangoni na aproni yake, akainama,
akaomba radhi.
Nikadhani sikusikia; Kijapani changu
kilikuwa bado cha dukani, cha mayai na bei.
Aibek akasikiliza tena.
"Anaomba radhi kwa ajili ya theluji," akasema.
"Kwamba imezidi."

Jumamosi kumi na moja.
Tulifukua mlango, sanduku la barua, mtungi wa gesi,
na gari la marehemu mumewe
lisilokwenda popote
ila alitaka lionekane.
Kisha chai, na figili iliyokaushwa kwa moshi,
ngumu, tamu, yenye harufu ya jiko la bibi yangu.
Nikala vipande sita, nikaona haya,
nikala cha saba.

Na kila Jumamosi theluji ilikuwa palepale,
kana kwamba hatukuwahi kuja.

Mwezi wa pili nilifeli mtihani.
Swali la nne: kadiria uzito wa theluji
juu ya paa la mita sitini za mraba.
Nilikosea nukta moja tu.
Mabega yangu yalijua jibu,
lakini profesa hakusahihisha mabega.

Mei nilirudi Kamisawa peke yangu,
treni, kisha miguu,
kuitazama kazi yangu. Sikuikuta.
Matope, vitunguu vya majani, kamba ya nguo.
Kila nilichokiinua kilishuka mferejini,
mferejini hadi mtoni, mtoni hadi kwenye mpunga
wa watu nisiowajua.
Matilde ana ukuta alioupaka rangi huko Peru,
na jina lake pembeni.
Mimi nina nafasi tupu: hatua ishirini
alizopita mwanamke mmoja majira yote ya baridi
asivunjike nyonga.

Gari lilikuwa limeuzwa. Hakusema kwa nani.
"Mwaka huu imeondoka mapema," alisema juu ya theluji,
kwa sauti ya mtu aliyeachwa bila kuagwa.

Sasa ni Septemba, niko Ubon,
na mto umepanda hadi ngazi ya nne ya shule.
Wameletwa wanafunzi wa kujitolea.
Mmoja, Eirik, ametoka Bergen,
buti mpya, ndoo, ngozi iliyoungua puani.
Ameshuka kwenye mtumbwi mbele ya nyumba yetu,
maji yakamfika kiunoni, akaguta.

Nami, kabla sijafikiri, nikainama.
Nikasikia kinywa changu kikimwomba radhi
kwa ajili ya maji,
kwa Kithai, haraka haraka.

Akatazama huku na huku,
akitafuta mtu wa kumfasiria.