Nilichokwangua Masese

Feri ililetwa na trela, vipande vitatu,
Mombasa hadi Malaba, Malaba hadi Jinja,
siku kumi na moja, na matairi mawili yakapasukia Bugiri.
Kabla ya Mombasa sijui. Wanasema ililala miaka
kwenye mlango wa mto fulani, Ulaya,
pale maji matamu na ya chumvi hugombania kitanda.

Mimi nikapewa tumbo lake. Patasi, nyundo,
elfu kumi na tano kwa siku, chai juu yangu.

Hapo ndipo nilipoukuta: mji.
Mirija myeupe, myembamba kama tambi,
imepandana, imejipinda, imekumbatiana,
kila mmoja na kola shingoni, kola juu ya kola,
kama msafiri aliyevaa mashati yake yote kwa mpigo.
Nilipopiga, ulinuka chumvi.
Mimi chumvi naijua ya Katwe tu,
ya kijivu, ya mabonge, ya kulambwa na ng'ombe.

Kagoya wa maabara ya samaki akaja na lenzi,
akachuchumaa kwenye matope na viatu vyake vizuri.
"Ni minyoo," akasema. Kisha: "Ilikuwa."
Mnyoo hutoa chokaa mwilini, akajijengea,
na hatoki tena hadi kufa. Huchungulia tu,
manyoya kichwani kama chujio,
akila kisichoonekana. Kivuli kikipita
anajivuta ndani, na kizibo chenye miiba kinamfuata:
nyumba iliyofungwa kwa utosi wa mwenyewe.
Wengine huanza dume, wakamaliza jike.
Watoto wao ni vumbi linaloogelea.
Hutangatanga majuma kadhaa,
halafu hunusa: wenzetu wamejenga wapi?
Huko huko hutua, migongoni mwa bibi zao.
Ndivyo meli moja inavyobeba ukoo.

"Kwao wapi?" nikauliza.
Akacheka. Hata waliompa jina la kisayansi
waliweka fumbo ndani ya jina.
Labda kusini ya dunia. Labda.
Kila bandari humwita mgeni,
hakuna hata moja iliyosema: huyu ni wetu.

Nikanyamaza. Mimi Mnubi wa Jinja.
Babu wa babu yangu alikuja na bunduki isiyo yake.
Habuba alisuka tabaka za rangi hapa hapa, akazikwa hapa hapa,
na bado karani wa vitambulisho, mwaka ule,
alifika kwenye nafasi ya *asili*, akainua kalamu, akanitazama
kana kwamba nimechungulia nje bila ruhusa.
Lakini sitaki kujilinganisha. Mnyoo huziba mabomba.
Mimi huyazibua, nikilipwa.

"Ataishi hapa?"
"Hawezi kuzaa. Ziwa letu tamu mno kwake."
Akageuka kutazama magugu maji ghubani,
manene, ya kijani, yaliyoanza kama ua la bustani ya mtu.
"Huyu hawezi," akarudia, taratibu zaidi.
"Hata hivyo, choma. Mbali na maji."

Magunia manne. Tulichimba shimo nyuma ya kibanda cha Nalongo,
na kabla sijapata mafuta ya taa kuku walikwisha fika.
Walidonoa kola, wakadonoa vizibo,
wakadonoa mitaa mizima.
Nikaokota fimbo. Nalongo akasema waache,
mayai yao siku hizi laini kama ya mjusi.

Juma lililofuata nilimwagiza roleksi:
mayai mawili, nyanya, kabichi.
Nikalisikia ganda ukingoni mwa bakuli,
kavu, gumu, pa.
Kipande kimoja kilimponyoka, kikaingia.
Feri ilikuwa majini tayari, rangi mpya,
ikijaribu honi yake.
Sikukitema.