Kahawa Hama Chai

Kwenye kibanda cha Mapasa, pale Birere,
rangi ya bluu imechuruzika hadi kwenye benchi:
KAHAWA HAMA CHAI.
Nikasimama. Chukudu iliyojaa makaa nusura inikanyage.
Kahawa ihame? Iende wapi?
Au ni chai inayoambiwa ifungashe virago?

Niseme mapema: mimi ni mtu wa kuudhika.
Miaka kumi na tisa nawachapia watu barua
chini ya mwavuli uliotoboka,
barua za kuomba kazi, za kuomba radhi, za kudai kodi,
na kule Katindo wananiita Mama Nukta.
Sijali. Nukta ni kitu kidogo chenye adabu,
inajua mahali pa kusimama.

Kinachonikosesha usingizi ni L na R,
pacha wanaoazimana mashati.
Kasereka, mchora mabango, aliwahi kuandika
mlangoni mwa mgahawa: KARIBUNI KURA.
Wakaja watu watatu na kadi zao za uchaguzi.
Nasimulia watatu. Labda alikuwa mmoja.
Kisha ulipofika mwaka wenyewe wa uchaguzi
chama fulani kikabandika ukuta mzima:
TUPENI KULA ZENU.
Hilo sikulisahihisha.
Mara moja moja kosa hulijua jambo kuliko mwandishi wake.

Lakini H!
Herufi ya pumzi tu, haina hata uzito wa unyoya.
Panapoitaka hawaiweki:
abari za leo, akuna deni, njoo apa.
Kisha zote walizozibana
wanakwenda kuzimwaga pasipo kiu:
hasubuhi, hadui, haridhi,
kama mtu anayemwibia jirani maji
akamwagilie mawe ya volkano.

Nikamwambia Mapasa: ifute. Andika AMA.
Alikuwa akisugua sufuria kwa majivu, hakuinua kichwa.
“Mama, rangi ile ni dola tatu.
Na watu wanakunywaka tu.”
Wanakunywaka! Sikio langu likajikunja
(nami nyumbani nasemaka vilevile,
ila nyumbani hakuna anayenilipa).

Nikataka kumweleza.
Kwamba ama ni njia panda, mtu anachagua,
anakaa, anaongeza sukari.
Na hama ni kipaza sauti alfajiri, mwezi wa tano,
mlima umeshatapika, ardhi bado inatetemeka,
na sisi barabara ya Sake na godoro kichwani,
binti yangu Kavira amebeba pasi ya umeme,
pasi, jamani, katika vitu vyote.
Nimehama mara nne katika maisha haya:
mara moja kwa moto, mara tatu kwa risasi,
na hakuna hata mara moja
iliyokuwa kosa la tahajia.
Sitaki kulikuta neno hilo
limeketi kati ya kahawa na chai
kana kwamba nalo linauzwa kwa kikombe.

Sikuyasema hayo. Nilisema tu,
“Ni herufi moja, Mapasa.”
Akanitazama kwa muda.
Yeye ametoka Masisi, sikuwahi kumuuliza lini.
Akarudi kwenye sufuria yake.

Juma lililofuata nikapita, nimejiandaa kuudhika.
H imepakwa masizi, nene, mara mbili,
mpaka ubao umebonyea.
KAHAWA AMA CHAI.
Nikahisi kifua kinafunguka kama dirisha.

Halafu nikaona, chini kidogo, rangi mbichi:
HANDAZI FARANGA MIA TANO.

Kumbe haikufa.
Imehama tu, mstari mmoja, na mizigo yake.

Nikaketi kwenye benchi lenye bluu.
Nikanunua mawili. Yalikuwa ya moto.