Pete Moja Tu

Nguzo hii niliing'oa kwenye uzio wa babu
siku walipokuja kupima barabara mpya.
Miaka hamsini na mitano imesimama topeni hapa Missouri,
ikishikilia seng'enge, ikikojolewa na mbwa,
haikuoza. Mti wa bodaki hauozi.
Mjomba Verlin aliigonga kwa spana ya trekta,
akatega sikio,
akasema: humu mna uta.

Samaki mkunje angali mbichi, husema wenye haraka.
Huu ulitaka kwanza ukauke, uzeeke,
usahau kwamba uliwahi kuwa na majani.

Nilianza Novemba, mlango wa gereji wazi,
kisu cha mikono miwili kikinijia kifuani,
maganda yakirundikana juu ya viatu
njano kama bizari iliyomwagika.
Sheria ni moja: chagua pete,
pete moja ya mwaka mmoja,
uifuate toka ncha hadi ncha bila kuikata.
Ukiichubua, hata upana wa ukucha,
siku utakapovuta mgongo utafunguka
na kibanzi kitakutafuta jicho.

Nikahesabu kutoka nje kuingia ndani.
Nyembamba, nyembamba, nyembamba: ukame ule
babu alipouza ng'ombe wote akabaki na kengele zao.
Kisha moja nene, ya mvua.
Hiyo nikaishika.
Ilipopanda juu ya fundo, nami nikapanda;
ilipozunguka kutu ya msumari, nikazunguka
taratibu, kama mtu anayepita mlango wa mgonjwa.

Likatoka umbo la nyoka anayevuka barabara.
"Umepinda," Doyle mume wangu akasema.
Ndiyo kazi yake, nikamjibu.

Nikautundika ukutani, kamba kwenye kapi,
nikavuta huku nikirudi nyuma, nikitazama
mikono yake miwili ikishuka.
Wa kushoto mvivu. Kwangua. Vuta.
Sasa wa kulia. Kwangua kidogo kuliko unavyotamani.
Mizani ya bafuni, ile inayonisema kila Jumatatu,
ikasoma ratili arobaini na tatu.

Mawano ni vichipukizi vya kando ya kijito,
nimeyanyoosha juu ya jiko, moja baada ya jingine,
na mengine yalirudi kupinda usiku nikiwa nimelala.
Vigumba vimetokana na msumeno uliokufa.
Manyoya ni ya bata mzinga, ya bawa moja tu,
maana ya kushoto na ya kulia hayaelewani hewani.
Kano za mguu wa kulungu nilizitafuna
mpaka zikalainika, zina ladha ya sarafu;
mchungaji akapiga simu, nikashindwa kumwitikia.

Oktoba iliyofuata, saa moja na robo asubuhi,
kulungu jike alitokea hatua kumi na nne, ubavu wazi.
Nikavuta. Uta haukulia.
Nikaachia,
na mshale ukapita chini ya tumbo lake
kama habari isiyomhusu.
Akaruka, akasimama, akamalizia kutafuna, akaenda zake.

Saa mbili nzima nilipiga magoti nikipekua majani.
Mshale ulionilia majuma matatu
umezama ardhini kama fuko.
Nilichopata ni mwingine: wa kaboni, wa dukani,
mkia wa plastiki ya kijani, umenyooka kupita kiasi.
Mtu mwenye pesa zake na lenzi yake
naye alikosa papa hapa.
Nikacheka hadi kunguru wakakasirika.

Sasa unaegemeza mnyanya nyuma ya nyumba.
Uta uko juu ya mlango, ugwe umevuliwa,
ile njano yake inaanza kuwa kahawia,
rangi ya nguzo.
Verlin ameuliza mara mbili kama nimekata tamaa.
Jumamosi narudi kule,
na reki.