Kitako cha Sado

Biblia yangu ina zipu.
Ndani nimehifadhi risiti ya ada ya Elinami,
picha ya marehemu baba katika koti la kuazima,
na pale Zaburi zinapoanza, noti ya elfu kumi
ambayo mwizi haipati asipopenda kusoma.

Miaka kumi na tisa naibeba kwenda na kurudi.
Nimepiga mistari ya wino mwekundu, kisha wa kijani,
nikishindana na Mama Aikaeli nani atamfungua Hagai upesi.
Mimi hushinda.

Jumatano ile tulikuwa kwa Ndeshi,
mvua ikigonga bati, chai ikinukia moshi,
zamu ya kusoma ikaniangukia mimi:
habari za mizani na vipimo,
na Mungu anayechukia mkono unaopunja.
Nikasoma vizuri. Sauti haikutetemeka.
Ndeshi akauliza, "Nani ana neno?"
Wakasema: serikali.
Wakasema: madalali wa kahawa, na wenye lumbesa.
Nami nikasema. Nikasema sana.

Usiku, jikoni, sado ilikuwa imepinduliwa ikauke.
Kila siku naishika,
lakini sikuwa nimeitazama kutoka chini:
kitako kimeingia ndani
kama shavu la mtu asiye na magego.
Nililigonga mwenyewe, kwa jiwe,
mwaka ule ada ilipopanda.
Mara tatu. Ya nne ya kuhakikisha.
Konzi mbili za maharage kila sado,
kila mteja, kila siku ya soko.
Nikaanza kupiga hesabu kwa vidole;
nilipofika Pasaka ya mwaka wa kwanza
nikavirudisha vidole mfukoni.

Asubuhi nikampelekea Mringi, fundi bati.
Akaigeuza, akacheka:
"Mama, hizi huwa naletewa nizibonyeze.
Ya kunyoosha ndiyo hii ya kwanza. Hata bei yake siijui."
Nikafungua zipu,
nikampa noti ya Zaburi.

Sokoni Kiboriloni akaja Shose wa mgahawa,
mfuko wake uleule, sado zake nne zilezile.
Mfuko ukajaa kabla hajauzoea.
"Leo umenipendelea, shoga?"

Ningeweza kusema ndiyo.
Ningeagwa kwa baraka, jina langu lingesifiwa hadi stendi.
Nikasema, "Hapana. Leo ndiyo nimekupimia.
Za nyuma unanidai."

Hakutabasamu.
Alifunga mfuko kwa kamba, polepole, fundo mbili,
akaondoka. Siku hizi ananunua meza ya pili,
na ile meza, mimi naijua sado yake.
Kila siku ya soko namtengea konzi zake kwenye kikapu.
Hajazichukua.

Jumatano iliyofuata Ndeshi akasema,
"Haya, akina mama, tusonge. Sura inayofuata."
Kurasa zikapeperuka chumba kizima,
Mama Aikaeli akawa wa kwanza kufika.
Nikasema, "Tangulieni.
Mimi bado niko kwenye ule mstari."