Pazia la Pili

Mimi ni fundi wa vyerehani, soko la Newala,
ubavuni mwa wauza ndoo. Kamera sikusomea.
Lakini kwetu mjomba akifa
vitu vyake havimtazami mwana, vinamtazama mpwa,
ndipo ile Zenit ikanifikia ndani ya soksi ya kijivu,
nzito kama pasi ya mkaa, imenuna.

Nikaihoji kwanza kwa nje.
Mkono wa kusogeza filamu: unazunguka bure, hauumi.
Kioo cha ndani kimepanda, kimegoma kushuka.
Sponji la mlangoni limeoza likawa lami,
linanata kidoleni kama ulimbo.
Na lenzi ina ukungu.
Ukungu wa asubuhi pale Shimo la Mungu,
ukungu wa mkate uliolala:
nilidhani lugha yetu ilikosa neno la pili.
Haikukosa. Ni ule ule, umehama tu,
umeingia kwenye lenzi ukaota mizizi.

Kioo nilikishusha kwa njiti ya kiberiti.
Kwenye meno ya gurudumu palikuwa na chembe ya ganda la korosho
(naapa, korosho)
nikaitoa kwa sindano namba kumi na nne.
Mkono ukauma. Nikafyatua.
Thelathini: pazia likapita, mwanga nikauona mzima.
Mia tano: likapita,
ila upande mmoja hapakufunguka kitu.

Mapazia yako mawili humo, ya kitambaa,
na kitambaa ndicho ninachokijua.
La kwanza hufungua njia, la pili hufuata kufunga,
picha ni ule mwanya baina yao.
Hapa la kwanza linasita, la pili linalikanyaga pindo,
mwanya unakufa kabla ya kufika ukingoni.

Ukingoni.
Nikaweka bisibisi chini.

Kabatini zimo picha za msimu wa korosho, themanini na tisa,
watu wana pesa na mashati yenye mikunjo ya dukani,
mchana mweupe, jua la mia tano,
na katika kila moja, pembeni, ukanda mweusi
mahali alipozoea kusimama mkaza mjomba, Bi Salima Namtula.
Mkono wake upo, umeshika bega la mtoto.
Mwenyewe hayupo.
Zile za ndani, jioni, za thelathini,
yumo, anacheka, jino la dhahabu na yote.

Alizipanga mkekani, akamwita mumewe:
"Chumbani unaniona. Mbele za watu unanizima."
Mjomba Lipala akaapa, akasema ni mashine.
Nani angeamini mashine inayochagua?
Akarudi kwao Kitangari na sufuria mbili.

Nimefungua hadi chini kabisa, kwenye roli za mapazia.
Mafuta. Yameganda, rangi ya chai ya juzi.
Nikayanusa.
Haya nayanusa kila siku ya Mungu.

Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, nimepewa kichupa,
na kila kilichozunguka nilikitia tone:
bawaba, baiskeli, saa ya ukutani.
Na hiyo.
Mjomba alinipa peremende. "Fundi wangu," akasema,
na jina likanishika mpaka leo.

Nimeyafuta kwa petroli ya kiberiti, pamba baada ya pamba.
Mia tano bado inasita siku za baridi.
Kuna mtu anagonga meza, cherehani yake inaruka mishono;
mwambieni aje Alhamisi.
Kesho nakwenda Kitangari.

Bi Salima yu hai. Macho yake, nasikia,
yameingia ukungu.
Basi picha hazitanisaidia, itabidi niseme,
na nitasema polepole, kwa thelathini,
nianzie kwenye kichupa.