Bei ya Kufuli

Tangu redio iseme Mwana-Nyundo atatoka Kasapa
nimeuza kufuli kumi na nane kwa siku tatu.
Meza yangu hapa soko la Katuba haijawahi kusongwa hivi
tangu enzi za baba, aliyekuwa akipaka grisi minyororo
huku akiniambia: "Hofu hailali njaa, mwanangu,
nasi tunakula naye sahani moja."

Miaka ile umeme ulipokuwa ukikatika wiki nzima
Mwana-Nyundo hakubisha hodi.
Pigo la kwanza la mlango,
la pili la mwenye mlango.
Watoto wa mtaa wetu tulilala na viatu miguuni.
Vyangu vilikuwa vipya.
Baba alivinunua kwa pesa za walioogopa.

Sasa ana miaka sabini na tisa, wanasema,
mgongo umepinda kama ndoano, daktari ameandika karatasi,
na mjini kila mdomo umekuwa hakimu.

Fundi baiskeli wa mbele yangu:
"Nyoka hujivua ngozi, meno hayavui."
Kijana wa vocha, aliyezaliwa baada ya yote hayo:
"Wamwachie, kisha watuonyeshe anapolala."
Akacheka. Halafu hakucheka.
Mhubiri Kyembwe alinena habari za msamaha,
akanunua mbili, zile kubwa,
akajaribu kila ufunguo mara tatu.
Mwalimu Kapend, aliyestaafu bila kulipwa, alisema serikali
imechoka kumlisha bukari; si huruma, ni hesabu.
Nilimpenda kwa hilo, ingawa hakununua kitu.
Na muuza vinkubala, bila kuinua macho kwenye kipimo chake:
"Na walioiba mgodi mzima, wao wanazeekea wapi?"
Hapo kila mtu akakumbuka shughuli yake.

Mama Umba hakuja kununua.
Aliketi juu ya kreti yangu ya bia, akapumua kwanza.
Mume wake alikuwa wa zamu ya usiku kiwandani;
usiku ule alibadilishana na mwenzake
ili alale nyumbani.
"Mlango sijaubadilisha," alisema.
"Tundu lile niliziba kwa gunia.
Kila mvua zikikaribia, natia gunia jipya."
Nikamuuliza: atoke, au asitoke?
Akanitazama kama niliyemuuliza bei ya mwezi.
"Wanasema hakumbuki tena, hata jina lake limempotea.
Kwa hiyo yote ameniachia mimi.
Miaka hii yote nilidhani tunabeba wawili,
yeye kule, mimi huku."
Akainuka, akapangusa kreti kwa kiganja,
kana kwamba ndiye aliyeichafua.

Jana jioni nilikuwa nafunika meza,
vumbi jekundu limeanza kutua juu ya turubai,
akaja mwanamke mwembamba, kitenge amekifunga mbiombio.
"Nataka kadena ya kufungia mlango kwa nje."
Kwa nje? Siku hizi watu wanajifungia ndani.
"Ni mjomba. Anakuja Ijumaa.
Wenzake wanasema usiku huamka,
hutembea huku akigonga ukuta,
anaomba afunguliwe."
Hakutaja jina. Sikuuliza.
Alihesabu franka zilizokunjwa mara nne,
zikapungua mia tano.
Nilitaka kumfukuza. Nilitaka kumpa bure.
Ulimi wangu ukasema: zinatosha.

Kufuli ya aina ile huja na funguo tatu.
Nilimpa mbili.

Wa tatu uko mfukoni mwangu tangu jana,
na nikitembea nausikia
unagongana na wa kwangu wa nyumbani.