Vifungo vya Nyuma

Baba hakwenda sinema kwa ajili ya sinema.
Alikwenda kutazama mikono ya blauzi,
shingo imekatwaje, pindo limeangukia wapi,
na kile kiuno, ee Mola,
kimebanwa kwa mikunjo mingapi.

Wete, Jumapili, baada ya alasiri.
Safu ya tatu, kiti cha ukingoni,
kipande cha chaki sikioni,
pakiti tupu ya sigara pajani,
anachora gizani bila kuutazama mkono.

Watu wanalia. Mama kamkana mwanawe,
mvua inapiga, bwana harusi kaanguka farasini.
Hata Faki Kombo muuza papa,
asiyempunguzia mtu hata senti,
anafuta macho kwa ncha ya kikoi.
Baba naye analia, ila kilio chake kingine:
"Geuka, binti, geuka kidogo tu,
nione umefungwa kwa vifungo au kwa kamba!"

Hageuki.
Ataimba dirishani wimbo mzima,
uso kwetu, mgongo kwa Bombei.

Basi mbele tulipewa,
nyuma tukajitungia.
Baba akapanga vifungo kumi na viwili,
vidogo kama punje za mtama,
kutoka shingoni hadi kiunoni, kwa akili yake mwenyewe.
Idi ile, wanawake wa Wete wakipita barabarani,
walikuwa Bombei wakija,
Pemba wakienda.

Na rangi je?
Picha zenyewe nyeusi na nyeupe.
Sari ya bibi harusi pale kwenye pazia
ni kijivu, kijivu cha kifuu kilichoungua.
Bi Mize anaapa ni nyekundu.
Mke wa karani anasema zambarau, yeye ana jamaa Bombei.
Waligombana barazani kwetu mpaka magharibi,
chai ikapoa, mkate wa kumimina ukaliwa na paka.
Asubuhi Baba akaenda kwa Ramji
akarudi na jora la rangi ya karafuu
inapoanza kuona haya mtini.
Msimu mzima hiyo ndiyo ikawa rangi ya mapenzi.
Haikutoka kwenye picha yoyote.

Kisha zikaja za rangi kwelikweli,
na suruali zenye miguu kama midomo ya tarumbeta,
na kola ndefu kama masikio ya mbuzi.
Kaka yangu Masoud alivaa bugaluu yake siku moja.
Ya pili, vijana wa zamu walimsimamisha njia ya bandarini,
wakaichana kwa mkasi hadi magotini.
Alirudi kajifunika gazeti.
Baba hakusema neno.
Aliipokea, akapima kilichobaki,
akanishonea mimi sketi.

Sasa ile sinema wanalala popo.
Cherehani ni yangu, na mguu unaniuma.
Jana kaja mjukuu wangu Nasriya na simu mkononi:
"Bibi, nataka kama hili, siku ya harusi yangu."
Akagusa kioo, mcheza akasimama katikati ya mzunguko,
sketi imepanda hewani, haishuki.
Akamsogeza kwa kidole:
mbele.
Ubavu.
Nyuma.

Nikavaa miwani.
Nikasema, ngoja hapo hapo, usiguse tena.
Miaka yote ile Baba akiomba gizani,
na leo kageuzwa kwa kidole cha mtoto
mwenye hina haijakauka.

Kamba mbili.
Shanga tatu zinaning'inia.
Basi.
Mgongo uliobaki ni mgongo.

Nikacheka mpaka miwani ikaanguka.
Baba yangu, kumbe ulikuwa ukililia
mahali pasipo na nguo!

"Utaweza, Bibi?"
Nitaweza.
Nikalivuta kopo la kakao chini ya meza,
lile lake, lenye kutu mdomoni,
nikamimina juu ya kitambaa, nikaanza kuhesabu.

"Na hivyo vya nini?"

Kumi. Kumi na moja.
Kimoja kimeviringika chini ya mlango.
Nikamwambia, kiokote,
hicho ndicho cha shingoni.